Seva ipi iwashe huduma? Uamuzi unaoandikwa kabla ya hitilafu

Na Mwandishi Wetu

SEKUNDE 43 hazimtoshi mtu kupanda ngazi za jengo la ghorofa nne. Lakini Oktoba 21, 2018, kukatika kwa mawasiliano kwa muda huo kulitosha kuivuruga kwa saa 24 na dakika 11 huduma ya GitHub ya Marekani, ambayo watengenezaji wa programu duniani kote huitumia kuhifadhi kazi zao.

Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 7:52 usiku, kuamkia Oktoba 22. Mafundi walikuwa katika kazi ya kawaida ya kubadilisha kifaa cha mawasiliano kilichokuwa kimeanza kuharibika, ndipo kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani kilipotengana na mtandao.

Hakuna seva iliyoungua wala diski iliyokufa. Baada ya sekunde 43 mawasiliano yalirejea, na kwa mtazamo wa kawaida tatizo lilikuwa limekwisha.

Kilicholeta madhara ni uamuzi uliofanywa katika sekunde hizo chache. Programu inayosimamia hifadhidata za kampuni hiyo, iitwayo Orchestrator, iliona kuwa kituo cha mashariki hakionekani. Sehemu zake zilizobaki zikapiga kura, kura zikatosha, na seva za hifadhidata za pwani ya magharibi zikapandishwa kuwa seva kuu.

Wakati huohuo, seva za mashariki zilikuwa na maingizo ya sekunde za mwisho ambayo hayakuwahi kunakiliwa kwenda magharibi. Katika moja ya hifadhidata zenye shughuli nyingi zaidi, maingizo hayo yalikuwa 954. Magharibi nako kukaanza kupokea maingizo mapya. Kila upande ukawa na kumbukumbu ambazo mwenzake hana, na hapakuwa na njia ya haraka ya kuzipatanisha.

GitHub iliamua kulinda kwanza usalama wa data, hata kama huduma ingechelewa kurejea. Kazi ya kurudisha hifadhidata kutoka katika nakala za akiba ilichukua saa nyingi. Miongoni mwa hatua zilizotangazwa baadaye ni kuibadili Orchestrator isiruhusiwe tena kuhamisha seva kuu kutoka kanda moja kwenda nyingine.

Kwa maneno mengine, fundisho kubwa la tukio hilo lilihusu swali dogo: seva ipi ina haki ya kuwasha huduma, na nani kaipa haki hiyo? Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa.

Klasta ni nini

Huduma muhimu, iwe ya benki, ya hospitali au ya kuuza umeme, haiwekwi katika seva moja. Seva mbili au zaidi huunganishwa ili moja ikianguka nyingine ishike kazi. Kundi hilo huitwa klasta, na kila seva ndani yake huitwa nodi.

Nodi hutumiana ujumbe mfupi kila mara kujulishana kuwa zi hai. Nodi ikinyamaza kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida hupimwa kwa sekunde chache, nyingine huichukulia kuwa imekufa na kuanza kupanga upya kazi zake.

Wazo hili si geni. Kampuni ya DEC ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VAXcluster mwaka 1983, nao ulitumia hesabu ya kura ili kuamua kundi lipi la kompyuta liendelee na kazi. Mwaka 1997 Microsoft nayo iliingiza klasta katika Windows NT, ambamo msimamizi aliweza kutaja nodi zinazopendelewa kuwa wamiliki wa huduma.

Kwa upande wa Linux, mradi wa Linux-HA ulioasisiwa na Alan Robertson mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitoa programu ya Heartbeat, jina lenye maana ya mapigo ya moyo. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa na faili moja la orodha, ambamo kila mstari ulianza kwa jina la nodi yenye huduma, kisha zikafuata huduma zenyewe.

Orodha hiyo ilitosha kwa nodi mbili. Klasta zilipokua, likahitajika jambo pana zaidi, na kutoka katika kazi ya Heartbeat ikazaliwa programu ya Pacemaker. Leo Pacemaker, ikishirikiana na programu ya mawasiliano iitwayo Corosync, ndiyo msingi wa klasta za Red Hat na SUSE, na ndiyo itakayotumika kama mfano katika sehemu kubwa ya makala haya.

Alama ndizo zinazoamua

Pacemaker haichagui nodi kwa bahati nasibu. Kwa kila huduma huipa kila nodi alama, na nodi yenye alama nyingi zaidi ndiyo inayowasha huduma. Alama hizo hutokana na masharti yaliyoandikwa na msimamizi wa mifumo.

Tuchukue klasta ya nodi tatu: A, B na C. Msimamizi anataka hifadhidata ikae A kwa sababu ina kumbukumbu kubwa zaidi. Ikishindikana iende B. Na C iwe ya dharura. Anaipa A alama 200, B 100 na C 50. Nodi A ikizimika, hesabu huonesha B inaongoza, na huduma inawaka B.

Kama hakuna sharti lolote lililoandikwa, nodi zote huwa sawa, na Pacemaker hujitahidi kugawa huduma kwa uwiano. Hapo ndipo wasimamizi wengi wapya hushangaa kukuta hifadhidata imewaka katika mashine dhaifu kuliko zote.

Juu ya alama za kawaida kuna alama ya ukomo, ambayo ndani ya Pacemaker ni 1,000,000. Kuipa nodi alama hiyo ni sawa na kusema huduma ikae hapo kila inapowezekana. Kuipa hasi ya ukomo ni kupiga marufuku: huduma haitawaka hapo hata kama nodi nyingine zote zimekufa.

Marufuku ina nguvu kuliko upendeleo. Nodi ikipewa ukomo na sharti moja, kisha sharti jingine likaipa hasi ya ukomo, jibu ni hasi ya ukomo.

Ipo pia njia ya kugeuza msingi wa hesabu. Kwa kawaida kila nodi inaruhusiwa kuwasha kila huduma isipokuwa ile iliyokatazwa. Msimamizi anaweza kuagiza kinyume chake, kwamba hakuna nodi inayoruhusiwa isipokuwa iliyotajwa. Njia hii ya pili ina kazi zaidi ya kuandika, lakini huwafaa wenye klasta ambamo baadhi ya nodi hazina kabisa programu au diski zinazohitajika.

Kurudi nyumbani au kubaki ugenini

Turudi kwa nodi zetu tatu. A imetengenezwa na imerejea, huku hifadhidata ikifanya kazi vizuri B. Je, irudi A?

Kwa alama zilizotajwa, jibu la Pacemaker ni ndiyo, maana 200 ni zaidi ya 100. Huduma itasimamishwa B na kuwashwa A, na wateja watakatikiwa kwa mara ya pili, safari hii bila hitilafu yoyote. Kama A ina ugonjwa wa kuzimika na kuwaka, huduma itakwenda na kurudi usiku kucha.

Dawa yake ni alama za kung'ang'ania, ambazo huongezwa kwa nodi iliyo na huduma kwa wakati huo. Kwa huduma za kawaida, Pacemaker yenyewe huanza na sifuri. Msimamizi akiweka 150, B itakuwa na 250 dhidi ya 200 za A, na huduma itabaki ilipo. Akiweka 50, B itakuwa na 150 tu, na huduma itarudi.

Anayeandika ukomo kwa nodi anayoipenda afahamu kuwa ameifuta kinga hiyo. Hakuna kiwango cha kawaida cha kung'ang'ania kitakachoshinda 1,000,000, na huduma itarudi nyumbani kila nyumba inapofunguliwa.

Gharama ya kuhama si ya kubuni. Septemba 10, 2012, GitHub hiyohiyo ilipata mzigo mkubwa kwenye hifadhidata yake kuu, kiasi cha kufanya vipimo vya afya vya klasta vishindwe. Klasta ikaichukulia seva hiyo kuwa mgonjwa na kuihamishia kazi seva nyingine.

Seva mpya haikuwa na data yoyote iliyokwisha kupakiwa katika kumbukumbu yake ya haraka, ikalemewa zaidi ya ile ya kwanza. Vipimo vikashindwa tena, na klasta ikarudisha kazi ilikotoka. Hatimaye wahandisi waliiondolea klasta mamlaka ya kujiamulia kwa muda, wakasimamia wenyewe.

Masharti ya ujirani

Huduma mara nyingi haisimami peke yake. Hifadhidata huhitaji diski yake iwe imefunguliwa, na wateja huifikia kupitia anwani moja ya IP inayohama pamoja nayo. Anwani ikiwaka A na hifadhidata B, kila kitu kitaonekana kizima kwenye taarifa za klasta, lakini hakuna mteja atakayehudumiwa.

Kwa hiyo yapo masharti ya kukaa pamoja na masharti ya mpangilio. Sharti la kukaa pamoja husema anwani iwe pale ilipo hifadhidata. Sharti la mpangilio husema diski ifunguliwe kwanza, ifuate hifadhidata, kisha anwani. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuandika moja hakumaanishi kuwa lingine limeandikwa.

Lipo pia sharti la kutengana. Nakala mbili za huduma zinazosaidiana hazina maana zikiwa katika nodi moja, kwani nodi hiyo ikianguka zote mbili huanguka.

Fahali wawili zizi moja

Hadi hapa tumechukulia kuwa nodi zote zinaonana. Hatari kubwa huanza pale zinapokuwa hai lakini hazisikiani, kwa mfano waya wa mtandao kati yake unapokatika.

Kila moja itadhani mwenzake amekufa, na kila moja kwa uaminifu itawasha huduma. Wataalamu huiita hali hii ubongo uliogawanyika. Waswahili walikwisha kusema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Nodi mbili zikifungua kwa wakati mmoja diski ileile ambayo haikuundwa kwa matumizi ya pamoja, mpangilio wa mafaili huharibika, na nakala ya akiba ndiyo inayobaki kuwa tegemeo.

Kinga ya kwanza ni akidi, neno lilelile linalotumika bungeni. Kundi la nodi linaruhusiwa kuendesha huduma endapo tu lina zaidi ya nusu ya kura zote. Katika klasta ya nodi tano, kundi la tatu linaendelea na kundi la mbili linasimamisha huduma zake. Makundi mawili hayawezi kuwa na zaidi ya nusu kwa wakati mmoja.

Klasta ya nodi mbili ina tatizo la kimaumbile, kwa kuwa nodi moja ni nusu kamili, wala si zaidi ya nusu. Corosync ina mpangilio maalumu wa nodi mbili unaoruhusu moja kuendelea, kwa sharti kwamba klasta inapowashwa upya kutoka kuzimika kabisa, nodi zote mbili zionane kwanza. Njia nyingine ni kuweka msuluhishi wa tatu asiyeendesha huduma, mwenye kazi ya kupiga kura tu.

Kinga ya pili ni kuizima nodi isiyoeleweka. Nodi iliyonyamaza huenda imekufa, huenda imechoka, huenda bado inaandika kwenye diski. Kabla ya kuwasha huduma kwingine, klasta huikatia umeme kupitia kifaa kinachoendeshwa kwa mtandao, ili kuwe na hakika. Utaratibu huu unajulikana kwa kifupisho STONITH, cha maneno ya Kiingereza yanayoagiza nodi nyingine ipigwe risasi ya kichwa.

Jina hilo ni la mzaha, lakini Pacemaker hulichukulia kwa uzito. Kwa mpangilio wake wa awali hukataa kuwasha huduma mpaka vifaa vya kuzimia nodi vitajwe. Wapo wasimamizi wanaouzima ulinzi huo ili mambo yaende haraka, na kwa kufanya hivyo huacha mlango wazi kwa fahali wawili.

Hata hivyo, kinga hiyo nayo huhitaji uamuzi. Desemba 22, 2012, hitilafu katika swichi za mtandao za GitHub ilikata mawasiliano kwa takriban sekunde 90. Seva za mafaili, zilizopangwa mbili mbili chini ya Pacemaker, zilidhani wenzao wamekufa na zikatuma amri za kuwazima. Mtandao uliporejea, amri za pande zote mbili zikafika. Baadhi ya jozi zikazimana zenyewe, zisibaki na hata moja ya kuhudumia.

Tiba ya hali hiyo ni kuzipa nodi muda tofauti wa kusubiri kabla ya kufyatua, ili moja iwahi na nyingine izimwe. Tangu toleo la 2.0.4 la mwaka 2020, Pacemaker inaweza kuipendelea katika kusubiri huko nodi yenye huduma muhimu zaidi, ili mshindi awe ndiye aliyekuwa na kazi tayari.

Amri iliyosahaulika

Makosa mengi ya kila siku hayatoki katika matukio makubwa kama hayo. Hutoka katika mabaki ya kazi za jana.

Msimamizi anapotoa amri ya kuhamisha huduma kwa mkono, Pacemaker huitekeleza kwa kuandika sharti jipya, ama la kuipendelea nodi moja au kuikataza nyingine. Kazi inakwisha, msimamizi anakwenda nyumbani, sharti linabaki. Miezi kadhaa baadaye nodi iliyobaki inaanguka, na huduma inakataa kuwaka katika nodi nzima iliyo pembeni kwa sababu bado imepigwa marufuku.

Katika matoleo mapya ya chombo cha pcs, amri ya kuhamisha hufuta sharti hilo yenyewe baada ya kazi. Kwa wenye matoleo ya zamani, kufuta ni wajibu wa mhusika. Kama lengo ni matengenezo ya nodi nzima, ni salama zaidi kuiweka nodi hiyo katika hali ya kusubiri, kisha kuiondoa katika hali hiyo kazi ikiisha.

Kumbukumbu za kushindwa nazo huweka marufuku. Kwa mpangilio wa awali, huduma ikishindwa kuwaka mara moja tu katika nodi, nodi hiyo hupata hasi ya ukomo kwa huduma hiyo mpaka kumbukumbu isafishwe au muda wake upite, kama muda umewekwa. Anayerekebisha hitilafu bila kusafisha kumbukumbu atadhani klasta imekaidi.

Lipo kosa jingine linalopita mlango wa nyuma. Mfumo wa Linux una utaratibu wake wa kuwasha huduma kompyuta inapoanza. Huduma iliyo chini ya klasta ikiachwa pia katika utaratibu huo, nodi iliyotoka kuzimwa itaiwasha mara inapoamka, kabla klasta haijasema neno. Alama, kura na masharti yote hayatakuwa na kazi.

Ya kuzingatia

Kwanza, masharti yaandikwe yakiwa na sababu. Alama 200 isiyoelezwa itafutwa na msimamizi ajaye, au itaogopwa isiguswe hata pale inapoleta madhara.

Pili, hesabu ikaguliwe kabla ya dharura. Pacemaker ina chombo kiitwacho crm_simulate, ambacho huonesha alama za kila nodi kwa kila huduma na kutabiri kitakachotokea nodi fulani ikianguka, bila kugusa huduma yenyewe.

Tatu, mpangilio ujaribiwe kwa vitendo mchana, watu wakiwa macho: nodi izimwe umeme, waya ung'olewe, na ionekane huduma inawaka wapi. Kuzima nodi kwa amri ya kawaida hakutoshi, kwa kuwa nodi hiyo huaga kabla ya kuondoka, na katika hitilafu halisi hakuna anayeaga.

Nne, uulizwe mapema umbali ambao huduma inaruhusiwa kuhamia. Seva iliyo mbali inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifae, ama kwa sababu data yake imechelewa au kwa sababu programu zinazoitegemea zimebaki kwingine. Katika hali hiyo ni afadhali mashine isubiri binadamu aamue.

Mteja aliyesimama mbele ya mashine ya kutolea fedha hatajua kama nodi A imeipokea B. Lakini kama salio lake litasomeka sawa asubuhi kunategemea tarakimu chache alizoandika mtu fulani miezi iliyopita, na kama alikumbuka kufuta zile za muda.